Una Hakika Unataka Watu Waone Hiki?

Mtu aliyetoka kuaibishwa mbele ya ukumbi mzima hana haja ya soksi za bure. Lakini soksi ndizo alizopewa Marit Tveit mchana ule wa Oktoba, alipofika kwenye banda la kampuni ya Tolvane katika jumba kubwa la mikutano mjini Seattle. Alikuwa amevimba kwa hasira, koti lake la mvua la rangi ya haradali limefungwa hadi shingoni ingawa mle ndani kulikuwa na joto la watu, na nywele zake za rangi ya majani makavu zilikuwa zimechomoka kwenye kibanio upande mmoja.

"Karibu sana! Chagua rangi uipendayo," alisema mwanamume aliyekuwa nyuma ya meza. "Tuna za zambarau, na hizi nyingine ni za..."

"Sitaki soksi. Namtaka mtu aliyetengeneza hii takataka."

Watu waliokuwa wakipita na vikombe vya kahawa waligeuza shingo. Mwanamume yule akaweka soksi chini taratibu. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mfupi kiasi, mwenye macho ya ucheshi na fulana ya zambarau ya kampuni iliyombana tumboni. Kitambulisho chake kilisema Rey Dumlao.

"Takataka ipi, dada? Tuna kadhaa."

Marit alikuwa amekuja na maneno makali tayari mdomoni, na jibu lile likamvuruga. Akavuta kiti bila kukaribishwa, akaketi.

Kazi yake ilikuwa jiolojia. Kaunti ilimlipa achunguze maporomoko ya ardhi, na kila msimu wa mvua alizunguka kwenye kumbi za mitaa kuwaonyesha watu ni kilima kipi kinaweza kuteremka na nyumba ya nani. Kwa hiyo maisha yake yalikuwa slaidi juu ya slaidi, na slaidi zote alizitengeneza kwa Tolvane, kwa sababu kaunti ilikuwa imeinunua na haikutaka kusikia habari ya nyingine. Na Tolvane ina sura mbili: slaidi zenyewe, ambazo watu wanaziona kwenye skrini kubwa, na maelezo ya siri ya msemaji, ambayo anayaona peke yake kwenye kompyuta yake.

"Asubuhi hii nimechomeka waya, zikabadilishana," alisema. "Slaidi zimebaki kwangu. Maelezo yangu yameenda ukutani, kila herufi ndefu kama mimi."

"Yalisema nini?"

"Hayakuhusu."

"Dada, mgonjwa asiposema anapoumia, daktari atafanyaje?"

Marit alitazama sakafu. "Yalisema, vuta pumzi. Halafu yakasema, Profesa Whitlock atauliza swali refu ili aonekane, mwache amalize."

"Na huyo Profesa Whitlock..."

"Safu ya mbele."

Rey alijitahidi. Alibana midomo, akatazama dari, akakohoa, lakini kicheko kikamshinda. "Samahani. Samahani sana. Hivi, aliuliza?"

"Aliuliza!" Marit alipiga meza. "Refu!"

Hapo wote wawili wakacheka mpaka mwenzake Rey wa banda lile akaja kuangalia kuna nini. Marit alipofuta machozi hasira yake ilikuwa bado ipo, ila sasa ilikuwa na mwenzi.

"Umewahi kutuandikia kwenye ukurasa wetu wa maoni?" Rey aliuliza.

Swali baya. "Nimewaandikia mpaka vidole vimeota sugu! Kila nikiandika najibiwa neno lile lile: 'Asante, tumekusikia.' Nani huyo anayesikia? Ana masikio kweli? Ningempata ningemvuta hayo masikio."

Rey alinyoosha mkono polepole kama mwanafunzi mkosaji. "Ni mimi," alisema, akamsogezea sikio la kushoto.

Marit hakulivuta. Lakini aliondoka na namba yake ya simu, na soksi pia.

Simu ya kwanza ilikuwa ya kazi, au ndivyo walivyojidanganya.

"Rey, hii programu yenu imeamua kujisasisha katikati ya mkutano wangu."

"Na wewe pia, habari za jioni."

"Usiniletee salamu. Wazee wa mtaa wa Magnolia wamekaa wanatazama kijiduara kinazunguka. Mmoja amesinzia."

"Amelazwa na kijiduara, au na mawe yako?"

"We! Mawe yangu hayajawahi kumlaza mtu."

"Basi nionyeshe Jumamosi, tuone kama nitalala."

Jumamosi walitembea chini ya magenge ya Discovery Park, mvua ya manyunyu ikiwaangukia, wote bila mwavuli kama wenyeji wa mji ule. Marit alimwonyesha mchanga juu na udongo wa mfinyanzi chini yake, akaongea kwa mikono yote miwili. Rey alikuwa amevaa sweta la kijani lililofumwa na mama yake na kofia ya sufu iliyomfunika nyusi, na alisikiliza bila kutazama simu hata mara moja.

"Kwa hiyo kosa si la mvua," alisema mwishoni. "Kosa ni kwamba maji yakishafika kwenye mfinyanzi hayana pa kwenda."

Marit alisimama pale pale. Alikuwa ameishi na mwanamume aitwaye Garrett kwa miaka sita, na Garrett hakuwahi kumwuliza habari ya mfinyanzi. Kila alipomwambia, Garrett, tupange siku ya harusi, Garrett alimshika bega, akamtazama machoni kwa huruma, akasema, "Nimekusikia, Marit." Miaka sita alisikiwa. Alisikiwa mpaka wazazi wake wakaacha kuuliza. Alipoondoka pale alijiapiza kwamba hatakaa tena na mwanamume anayesikia tu, na ndiyo sababu yale majibu ya Tolvane yalikuwa yakimchoma kuliko yanavyomchoma mtu mwingine yeyote.

Alimweleza Rey haya yote kwenye mkahawa wa kuku wa teriyaki, mvuke ukiwafunika miwani. Rey aliacha kula.

"Lile jibu si langu, Marit. Linajiandika lenyewe. Nikigusa kitu chochote kwenye ule ukurasa, linatoka. Lazima nikumbuke kulifuta kila mara."

"Basi kumbuka."

"Nitakumbuka."

Wakapendana. Walipendana kwa simu za asubuhi, kwa ujumbe wa mchana, kwa safari za kwenda Beacon Hill Jumapili, ambako mama yake Rey, Bi Corazon, alimjazia Marit sahani ya nyama ya adobo mpaka akashindwa kuinuka. Hata huko Tolvane haikuwaacha salama.

"Mwanangu," Bi Corazon alimwuliza Marit, "wewe ni msomi. Mimi ndiye ninayetengeneza picha za misiba kanisani. Kwa nini picha ya marehemu inaingia ikizunguka? Nimeizuia, inazunguka. Marehemu Aling Nena alizunguka mara mbili mbele ya mumewe."

"Mwulize mwanao, mama."

"Huyu? Nimemwambia tangu mwaka juzi!"

"Mama, mimi sijengi programu," Rey alilia. "Mimi ninasoma tu na kuomba. Wajenzi ndio wanaokataa."

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Mtumiaji yeyote wa Tolvane aliweza kuandika ombi lake kwenye ule ukurasa, na wengine wakalipigia kura. Kila msimu maombi yenye kura nyingi yalipelekwa mbele ya meza ya wajenzi, nao wakachagua machache na kuyatupa mengine. Yaliyo na kura pungufu hayakufika mezani kabisa, hata yangekuwa ya malaika. Na kilichofika mezani hakikusemwa nje mpaka siku kinapotoka. Hakuna kumwambia mke wala padri. Mwenzao mmoja alikuwa amefukuzwa kazi kwa kumnong'oneza shemeji yake kwenye bia.

"Basi nipendelee," Marit alimwambia siku moja, kichwa chake kikiwa mapajani pa Rey. "Una mpenzi anayeumia."

"Siwezi, kipenzi. Nikikupendelea nitakuwa mwizi. Andika ombi lako vizuri, tafuta kura."

Marit aliandika. Aliomba kitu kimoja tu: kabla maelezo ya msemaji hayajaonekana kwenye skrini kubwa, programu imwulize kwanza kama kweli anataka. Halafu akaingia kwenye kampeni kama mtu anayegombea ugavana. Walimu walipiga kura, na viongozi wa kwaya, na nyumba ya mazishi ya huko Ballard, na hata Bwana Lindqvist wa Alki, mzee mbishi wa koti la kijani aliyekuja kwenye kila mkutano wa maporomoko kuuliza habari ya bima. Kura zikapanda. Kila asubuhi Marit alimpigia Rey simu kumsomea.

"Zimeongezeka!"

"Naziona, bibie. Mimi ndiye ninayezilinda."

"Unanipenda?"

"Nakupenda. Nenda kazini."

Kisha ikaja ile Alhamisi ya Februari. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, kilima kimoja cha Magnolia kilikuwa kimeshusha gereji ya mtu barabarani, na Marit alikuwa amesimama kwenye tope hadi magotini, suruali ya mpira, kofia ngumu kichwani, simu ilipolia mfukoni. Akaitazama. Ombi lake lilikuwa limewekewa muhuri mwekundu: LIMEFUNGWA. Mahali pa kura pakawa na sifuri. Chini yake yaliandikwa maneno mawili aliyoyachukia kuliko yote duniani, asante, tumekusikia, na chini ya maneno hayo jina: Rey D.

Alimpigia pale pale, mvua ikimwingia mdomoni.

"Umenifungia."

"Marit, ngoja, nilikuwa karibu kukupi..."

"Umenifungia, na ukaweka jina lako chini! Kura zangu ziko wapi?"

"Hazijapotea. Nimeziunganisha na za mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Mtu wa Saskatoon."

"Wa wapi?"

"Saskatoon. Kanada. Aliomba kitu hicho hicho zamani sana."

"Kwa hiyo umechukua kura zangu, nilizozitafuta nyumba kwa nyumba, ukampa mtu wa Saskatoon."

"Ukilisema hivyo linasikika vibaya."

"Lisemweje basi ili lisikike vizuri? Kwa nini umefanya hivi, Rey?"

 Upande wa pili Rey alikuwa amefunga mlango wa ofisi na kujishika paji la uso. Alijua sana kwa nini. Jumatatu iliyofuata meza ya wajenzi ilikuwa inakaa. Ombi la Marit lilikuwa limepungukiwa kura, na lile la Saskatoon pia, lakini yakiwekwa pamoja yalivuka. Alikuwa ameyaunganisha kwa haraka kabla ya orodha kufungwa, akakimbilia kikao kingine, akasahau kufuta lile jibu linalojiandika lenyewe. Hayo yote hakuweza kuyasema.

"Siwezi kukwambia," alisema.

"Huwezi kuniambia mimi?"

"Wewe hasa."

"Rey, sikuombi siri za serikali. Naomba kujua kwa nini mwanamume aliyekula mezani kwangu Jumapili amenifungia mlango Alhamisi, na hakuninong'oneza hata neno."

"Nimekusikia, mpenzi, ila..."

Likamtoka. Wala hakulikusudia. Ni neno la kazini, na mtu anayelisoma kutwa nzima hulisema kama anavyokohoa. Lakini lilikwisha kutoka, na Marit alikuwa amelipokea kwenye tope la Magnolia.

"Umesemaje?"

"Marit. Marit, sikukusudia, nakuapia."

"Usinipigie tena," alisema, akakata.

Alirudi kazini. Alipima ufa, akaandika vipimo, akampa pole mwenye gereji, na alipoingia kwenye gari akalia mpaka kioo kikaingia ukungu.

Na Rey naye, mtu mwenye akili zake, aliambiwa asipige simu na hakupiga. Alimtii. Mwanamke amesema usinipigie simu, basi yeye akaona heshima ni kukaa Beacon Hill akila sahani mbili za wali na kutazama ukuta. Hapa ndipo mtu anatamani kuwachukua wote wawili na kuwagonganisha vichwa.

"Nenda kwake," mama yake alimwambia.

"Hataki, mama."

"Amekwambia usimpigie. Amekwambia usiende?"

"Ni kitu kile kile."

"Si kitu kile kile, mjinga wewe. Pitisha bakuli."

Hakwenda.

Mwezi Machi simu ya ofisini kwa Marit ililia, na sauti ya mzee ikauliza kwa ukali, "Wewe ndiye Bi Tveit wa maporomoko?"

"Ndimi. Nyumba yako iko wapi?"

"Nyumba yangu iko Saskatoon, na huku hakuna kilima hata cha kuteleza kwenye theluji. Mimi naitwa Orville Pidhirny. Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Kura zako zimeniangukia."

Marit alinyooka kitini. "Wewe!"

"Mimi. Nimeliona jina lako kwenye ombi, nikakutafuta nikushukuru. Ombi langu lilikuwa limekaa miaka kumi na moja, binti. Kumi na moja! Mke wangu alishaniambia nilizike. Juzi nafungua, naona limefufuka, lina kura kama za waziri mkuu."

"Hizo ni zangu," Marit alisema. "Zilichukuliwa. Langu limefungwa."

"Nani amekwambia limefungwa?"

"Imeandikwa. Kwa rangi nyekundu."

Mzee alicheka kicheko cha dharau. "Aliyeutengeneza ule ukurasa angekuwa mwanafunzi wangu ningemrudisha darasa. Sikiliza. Mimi nimekaa pale muda mrefu kuliko viti vyao. Kitu wanachotaka kukiua hawakiunganishi, wanakiacha kioze. Wanaunganisha wanapotaka kukibeba mezani, na kura zake peke yake hazitoshi. Huyo aliyefanya hivyo alikuwa anakusukuma mlima, wewe na mimi pamoja. Jina lake nani vile, Rey D.? Huyo kijana ni mwema. Alishawahi kuniandikia yeye mwenyewe, maneno ya mtu kabisa, akaniambia nisikate tamaa. Unamjua?"

"Namjua," Marit alisema.

"Basi mshukuru kwa niaba yangu."

Alitaka kumshukuru siku hiyo hiyo. Alishika simu, akaiweka. Angesema nini? Kwamba alimfukuza mtu aliyekuwa anambeba mgongoni? Na hata hivyo, hasira nyingine ilikuwa imebaki, na hiyo haikuwa ya uongo: kama ni sheria za kazi, mtu si angesema basi, "Marit, ni sheria, niamini"? Angepungukiwa nini? Hivyo akakaa na aibu upande mmoja na kinyongo upande mwingine, na Aprili ikapita, na maua ya micheri yakaanguka yote kwenye barabara za Ballard bila mtu wa kumshika mkono.

Mwezi Mei, siku aliyokuwa na mkutano na watu wa Alki, Tolvane ilitangaza kitu kipya. Kiliitwa Ulinzi wa Msemaji. Marit alisoma tangazo akiwa amesimama kwenye foleni ya mkate. Walifanya. Wamefanya kweli. Jioni, jua bado likiwa juu ya bahari na madirisha ya ukumbi yakiwa wazi, alivaa gauni lake la buluu la kitani badala ya suruali za kila siku, akachomeka waya, na skrini kubwa ikaonyesha sanduku jeupe lenye maneno meusi: UNA HAKIKA UNATAKA WATU WAONE HIKI?

Marit alibonyeza ndiyo. Slaidi ya kwanza ikatokea, safi, na maelezo yake yakabaki kwake. Karibu apige makofi.

Akaenda slaidi ya pili. UNA HAKIKA UNATAKA WATU WAONE HIKI?

"Ndiyo," alisema kwa sauti, akabonyeza.

Slaidi ya tatu. UNA HAKIKA?

"Ana hakika!" Bwana Lindqvist alipiga kelele kutoka safu ya mbele, koti la kijani limefungwa vifungo vyote ingawa kulikuwa na joto.

Kufika slaidi ya kumi ukumbi mzima ulikuwa unaitikia kama kanisani. Sanduku likitokea, watu wote, wazee kwa akina mama, "Ana hakika!" Marit alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Na hapo ndipo alipomwona, safu ya nyuma kabisa karibu na mlango: Rey, shati jeupe lililopigwa pasi, nywele zimechanwa, uso wote ameuficha kwenye viganja.

Alimaliza. Hakujua alimalizaje. Watu walipoanza kuinuka aliwapita kama hawapo, akamkamata Rey mkono, akampeleka jikoni nyuma ya ukumbi, kwenye birika kubwa la kahawa.

"Kila slaidi, Rey."

"Najua."

"Kila slaidi!"

"Niliwaambia iulize mara moja tu mwanzoni! Nimesema, nimeandika, nimewachorea. Unajua walinijibu nini?"

Marit alijua kabla hajasema. Alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akaegemea friji.

"Nyamaza," alisema. "Nimekukasirikia. Nilizungumza na mzee wa Saskatoon."

"Lini?"

"Machi."

"Machi! Umejua tangu Machi na hukuniambia?"

"Na wewe umekaa tangu Februari bila kutia mguu kwangu!"

"Ulisema nisikupigie!"

"Simu! Nilisema simu! Mlango wangu aliufunga nani?"

"Mungu wangu," Rey alisema kwa uchovu, "mama yangu alisema hivyo hivyo."

"Mama yako ana akili."

"Ningekwambiaje, Marit? Ningefukuzwa. Leo ndiyo siku ya kwanza ninaruhusiwa kusema, na nimekuja moja kwa moja kutoka ofisini. Sikujua huo Ulinzi ungekuwa umeshakufikia jioni hii hii. Nilikaa pale nyuma nikatamani sakafu inimeze."

"Ungeniambia ni sheria. Ungesema niamini. Maneno mawili."

Rey akaacha kujitetea. "Kweli," alisema. "Hapo nilikosea. Nimekosea sana, na miezi hii yote nimekuwa sina raha, sili vizuri..."

"Unadanganya, umenenepa."

"Nimekula wali mwingi kwa huzuni."

Marit hakucheka safari hii. Alimimina kahawa kwenye kikombe cha karatasi ili mikono ipate kazi. Alikuwa anaogopa, na alijua anaogopa nini. Mtu huyu alimpenda, hilo aliliona. Garrett naye alimpenda.

"Rey, nakupenda, na imenichosha," alisema. "Sasa nakuuliza jambo, na ukinijibu kwa lugha ya ofisini kwenu nakumwagia hii kahawa, haki ya Mungu. Mimi na wewe tunaoana, au tunaendelea kuudhiana hivi hivi?"

"Tunaoana."

"Lini?"

Marit alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa tayari kushikwa bega.

"Jumamosi ya wiki ijayo," Rey alisema. "Kibali cha ndoa kinataka siku tatu za kungoja, nimeshauliza kaunti, kwa hiyo tukikichukua Jumatatu saa ya chakula cha mchana tutawahi. Padri wa mama yangu ana kozi za ndoa za miezi, huyo tumwache. Kuna hakimu mmoja anaitwa Ybarra, anafungisha ndoa bustanini, ana nafasi siku hiyo. Mama atapika. Nimemwomba asitengeneze slaidi."

Marit alimtazama. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa siku yenyewe.

"Jumamosi ya wiki ijayo nina watu wa Magnolia," alisema.

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Basi sisi saa tisa."

 Machozi yakamshuka Marit bila kuomba ruhusa, yakaingia kwenye kahawa, naye akayaacha. Miaka yote ile aliuliza lini, na leo kwa mara ya kwanza alikuwa amepewa siku na saa na jina la hakimu, jikoni, mbele ya sinki lililojaa vijiko.

"Saa tisa," alisema.

Rey alichukua kile kikombe, akakiweka mbali, akamkumbatia kwa nguvu mpaka Marit akahisi vifungo vya shati.

Bwana Lindqvist aliingiza kichwa mlangoni. "Samahani, Bi Tveit. Ile habari ya bima hukuijibu."

"Nakuja, Bwana Lindqvist."

"Na viti vikunjwe? Watu wa dansi wameshafika."

Wakatoka wote watatu kwenda kukunja viti.